Ami Twaha na Nafasi ya Mwisho Ukutani

Jumatatu, 1 Desemba

Leo nimemaliza jina la Mzee Badi. Wino mweusi, kalamu ya mwanzi, hati niliyofunzwa madrasa.

Tangu nimalize shule hii ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi naenda klabuni, mtaa wa Kuze, nakaa pembeni, naandika maelezo ya kuwekwa chini ya picha za wachezaji wetu wa zamani. Ukuta wa heshima utafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Wazee wa kamati hunisalimu, naitikia kwa sauti ndogo, basi. Wao waridhika. Mimi pia.

Imebaki nafasi moja. Nilidhani ni ya Ami Twaha, mdogo wake baba. Golikipa bora aliyepata kutokea mtaani kwetu. Hata wasiompenda husema hivyo. Lakini Mwenyekiti amesema huenda nafasi hiyo ikaachwa wazi. Sikuuliza kwa nini. Najua kwa nini.

Jumanne, 2 Desemba

Niiandike mara moja, nisiizungushe.

Kabla sijazaliwa, klabu yetu ilicheza fainali na timu ya mtaa wa Buxton. Katikati ya mechi refa akamwendea Ami langoni, akamvua glavu. Ikaanguka hirizi. Mechi ikavunjwa. Kikombe kikaenda Buxton. Ami akafungiwa msimu mzima. Kisha akarudi, akadaka miaka mingi mpaka magoti yakamshinda. Sasa hutengeneza mapangaboi katika kiduka chake Kibokoni, ubavuni mwa nyumba yetu.

Lakini Mzee Badi je? Siku hiyohiyo Badi aliruka ukuta wa uwanja, akaingia kinyumenyume, amefukizwa ubani mpaka macho mekundu. Timu nzima iliruka ukuta, ati kwenye mlango wa uwanja pamezikwa uchawi. Kisa hicho husimuliwa klabuni kila mara, na watu hushika mbavu kwa kucheka. Ya Badi ni kichekesho. Ya Ami ni aibu. Sioni tofauti.

Isitoshe, nina hakika hirizi haikuwa yake. Kuna mtu alimtilia. Kesho nitamuuliza.

Jumatano, 3 Desemba

Ilikuwa yake.

Nilimpelekea chai dukani, nikamuuliza macho yangu yakiwa sakafuni. Hakuacha kuzungusha waya kwenye mota.

"Yangu. Niliinunua mwenyewe, na niliiamini. Wataka nini zaidi?"

"Hukutiliwa, Ami?"

"Na nani? Glavu zile zilinuka kama samaki ng'onda. Nani angezigusa?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nimekasirika naye. Nilikuwa nimepanga utetezi wangu wote, naye ameuangusha kwa maneno mawili.

Mama asema niachane nalo. "Aibu ya mtu hufukiwa, mwanangu. Haitundikwi ukutani."

Alhamisi, 4 Desemba

Nimefikiri siku nzima. Bado naamini anastahili, na sasa naamini vizuri zaidi, kwa sababu sijidanganyi.

Hirizi haidaki mpira. Basi mipira yote ile aliidaka yeye. Kosa alilifanya, refa akampa adhabu, akaitumikia. Hawa wa kamati wataka kumpa nyingine.

Nilimwambia Mwenyekiti. Nilipanga kusema mengi, yakatoka machache. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Kuruka ukuta hakukatazwi na refa, binti. Hirizi imekatazwa. Na hiyo miaka aliyocheza baadaye, nani ajuaye alificha wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Hilo ndilo lililoniudhi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nani ajuaye? Waliocheza dhidi yake.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimekwenda Buxton, kwa miguu, peke yangu. Mzee Mutua ndiye aliyekuwa straika wao siku ya fainali. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na sasa anakaa na mwanawe katika maghorofa mapya. Nilipofika mlangoni nilitaka kurudi. Nikabisha kabla miguu haijanigeuza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni binti wa nduguye Twaha. Yule golikipa."

"Twaha! Aliyeniharibia ujana wangu! Ingia, ingia. Mama Ndinda, tia maji ya chai, damu ya adui imeingia nyumbani!"

Sikujua niweke uso wangu wapi. Lakini nilimuuliza. Na alichoniambia sijawahi kukisikia Kuze wala Kibokoni.

Ami aliporudi kutoka adhabuni, mechi yao ya kwanza, alivuka uwanja mzima kabla ya filimbi. Alifika mbele ya wachezaji wa Buxton, akavua glavu, viatu na soksi, akafungua mikono. Akasema, "Nipekueni."

"Mimi ndiye niliyempekua," Mzee Mutua akasema. "Na nilimpekua kwa chuki, usione hivi. Mpaka kwenye nywele. Sikupata kitu. Halafu akadaka penalti yangu, huyo mshenzi."

"Ilikuwa siku hiyo tu?"

"Kila mechi, na kila timu. Akija tu, sisi twacheka: haya, forodhani kumefunguliwa! Baadaye hatukucheka tena. Watu wenu ndio waliomzomea, ati ajidhalilisha mbele ya maadui."

Nikamwomba aje aseme haya mbele ya kamati.

"Mimi? Kuze? Watanikaribisha hata kwa maji?"

"Nitakupikia kaimati mwenyewe."

"Basi nimeshanunuliwa," akasema.

Nimerudi nyumbani nikitembea haraka. Sina wasiwasi. Kaimati zangu ni nzuri, na neno langu ni la kweli.

Jumanne, 9 Desemba

Kamati imekaa leo alasiri. Nilisimama. Sauti ilitoka.

Mmoja wao, fundi wa saa mwenye ndevu nyekundu za hina, alinikata kalima: "Wewe wamtetea kwa sababu ni amiyo."

"Ndiyo, ni ami yangu," nikasema. "Lakini waliompekua hawakuwa ami zake."

Mzee Mutua akasimulia. Aliposema "mpaka kwenye nywele" hakuna aliyecheka. Yule fundi wa saa akainamisha kichwa. "Twakumbuka," akasema. "Tulikuwa upande wa pili wa uwanja, tukitazama kando. Tuliona haya."

Walijua! Miaka yote hii walijua, ila waliyaona kuwa ni madhila. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

Mikono mingi imeinuka. Ami ameingia ukutani. Mwenyekiti ametoa sharti moja: nisitaje hirizi.

Jumatano, 10 Desemba

Ami amekataa.

"Waniweke nusu? Mimi si papa wa kukatwa vipande sokoni. Ukiitoa hirizi, watu watauliza, huyu alipekuliwa kwa nini? Niwe wote au nisiwe."

Ana haki. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, nikamwambia siandiki bila hirizi. Nilisema nimesimama, kalamu mkononi, macho yangu kwenye macho yake.

"Umeanza lini kusema, wewe?"

"Jana."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Andika," akasema.

Nimeandika hivi: *Twaha, golikipa. Alikutwa na hirizi katika fainali, akafungiwa msimu mmoja. Aliporudi, kabla ya kila mechi aliwaomba wapinzani wampekue. Hawakupata kitu, na mipira hawakuipitisha.*

Sijaandika hati nzuri kuliko hiyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Ukuta umefunguliwa. Hotuba ndefu mno. Mama amesoma maneno chini ya picha ya Ami, akayarudia, hakusema neno juu ya kufukia. Mzee Mutua amekula kaimati akaomba nyingine za kwenda nazo.

Jumapili, 14 Desemba

Klabu ilikuwa tulivu leo. Nilifagia. Ami akaja, akakaa na gazeti lake chini ya dirisha, kama mtu asiyehusika na lolote ukutani.

Wakaingia wageni wawili, mume na mke, watu wa bara waliokuja kutembea Mji wa Kale. Mume akasoma maelezo yote kwa sauti. Alipofika kwa golikipa akasimama.

"Huyu bado yu hai?"

Ami akasema, bila kuinua macho gazetini, "Yu hai. Magoti tu ndiyo yaliyotangulia."

"Na kwa maoni yenu, mwenye hirizi alistahili kuwekwa hapa?"

Ami akanielekezea kidole. "Muulizeni aliyeandika."

Wakanigeukia wote wawili. Watu nisiowajua. Nikaegemeza ufagio ukutani.

"Alistahili," nikasema.

Ami akafungua ukurasa wa pili.