Hilaire na lave yake ya Excel

Élodie, Hilaire wetu ametupatisha haya leo mbele ya wakimbizi. Na alivaa cravate shingoni.

Alitaka kuonesha grafu ya maji ya kambi, lakini Excel haijui kuchora nguzo za upana mbalimbali. Basi akarudia chiffre, ile namba ya maji ya kila kambi, mara moja kwa kila familia mia, akafuta nafasi katikati, nguzo zikashikamana. Siku tatu mutu anafanya ile tu.

Watu wa kambi ya Kibumba ni wengi, maji yao kidogo. Nguzo yao ikatoka pana, ikalala chini. Akaipaka nyekundu. Nyekundu, Élodie, hapa Goma, chini ya volkano.

Mama Uwimbabazi wa Kibumba akasimama: "Mutoto yangu, tulikimbia vita, sasa unatuletea lave, moto wa mlima?"

Wote wakacheka. Hilaire, jasho tupu: "Mama, upana ni watu, urefu ni maji."

Mama akaiangalia sana.

"Basi usibadilishe rangi. Onesha wenye kuleta maji, nao waogope."