Pete Nyeusi kwa Waya wa Antena

Mutomo, Jumanne

Kumbe ni waya wangu. Miaka yote nilimwambia mke wangu kiredio chake cha jikoni ndicho kibovu. Nikampatia kingine, kikakwaruza vilevile, na bado nikalaumu kiredio. Kila nikiongea na wenzangu hewani kwa redio yangu ya mawasiliano, sauti yangu iliingia katikati ya nyimbo zake za Kikamba. Naye alipaza sauti kutoka jikoni: "Baba Mwende, umeingia tena kwa ibada!"

Leo nimezungusha waya wa antena kwa pete nyeusi za feraiti, aina ya sumaku. Zinazuia mawimbi ya redio yangu yasirudi nyumbani yakitambaa juu ya waya. Kazi ya nusu saa tu. Zilikuwa kwa droo tangu mke wangu akiwa hai, nikisema nitafanya kesho.

Binti yetu Mwende akawasha redio ya mamake kule jikoni. Nikabonyeza maiki, nikaita. Wimbo haukutikisika.

"Iko sawa sasa, Baba," akasema, halafu akatoka haraka, eti anaangalia mbuzi.

Nikabaki na maiki mkononi, nikingoja kugombezwa. 

Nikaita tena, kwa nguvu zaidi. Kule jikoni wimbo ukaendelea tu, kama sijasema kitu.