Baba Yangu Yumo Kwenye Kitambaa

Shikamoo Mama Mshauri, nisaidie, maana nimekwama na nikimwambia mtu wa nyumbani nitakuwa nimeshaharibu.

Mimi ni msanii, nachora, nashona, vyote viwili navichanganya, na kazi yangu yote inatoka kwenye klabu moja iliyo chini ya ghala la rangi, haina hata kibao, watu wanacheza Jumapili mchana madirisha yamezibwa, giza totoro, taa moja nyekundu tu, na mlangoni kamera ya simu yako inabandikwa karatasi kwa sababu sheria ya pale ni kwamba sura ya mtu haipandi ngazi bila ridhaa yake. Kwa hiyo nachora macho yakiwa kwa wachezaji, mkono unajiendea wenyewe, kisha kwenye chumba ninachofanyia kazi nahamishia michoro kwenye vitambaa vikubwa kwa uzi na rangi. Sura sichori, miili tu, nikadhani hapo nimeshatii.

Sasa kuna mmoja huwa peke yake karibu na spika, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, bega la kushoto liko chini, anacheza taratibu kama anabembeleza mtoto, nikampenda, nikamshona kwenye kitambaa kirefu kuliko mlango, na ukumbi wa maonyesho umekichagua kikae mbele kabisa. Juzi shangazi kaja kunisalimia, kakiona, kacheka hadi kakaa chini: "Wewe! Umemchora kaka yangu anacheza!" Na ni kweli, lile bega ni la baba, fundi makochi, limeshushwa na mizigo.

Tangu mama afariki baba haongei wala hacheki, na kila Jumapili anaaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Nikikitundika, majirani watamjua na ataacha kwenda, na nahisi pale ndipo mahali pekee anapopumua. Nikikiondoa, sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Maonyesho ni wiki ijayo. Nifanyeje?

Mchoraji wa Gizani

Marahaba, mwanangu. Na huyo mgonjwa naye, haponi tu! Nimecheka, kisha machozi yakanitoka. Poleni kwa msiba wa mama yenu.

Ila nikugombeze. Sheria umeipindisha. Bega likishamtaja mtu, hiyo ni sura. Ungemwomba ridhaa mwenye kofia siku ile ile, kama ulivyopaswa kumwomba kila unayemshona, ungemjua baba yako bila kumsubiri shangazi. Na shangazi mpigie leo, mwambie afunge mdomo kabla hajafika sokoni.

Kisha mwite baba unapofanyia kazi, peke yake. Usimwulize alikuwa wapi, yeye si mwizi. Mpe kiti, mfunulie kitambaa, nyamaza, atazame hadi aridhike. Halafu sema, "Baba, naomba ruhusa yako." Akikataa, watu wa ukumbi wape kingine na hiki kiwe chake. Utalia, lakini kitambaa utashona kingine. Baba hutashona mwingine.

Na nani kakwambia yeye hajakuona? Kila wiki umeketi na karatasi mapajani penye watu wote wanaocheza! Mimi nadhani anakujua siku nyingi, akakuacha ufanye kazi yako kwa amani.

Akubali, akatae, Jumapili hii karatasi ziache nyumbani. Shuka ngazi, nenda moja kwa moja karibu na spika, ucheze na baba yako.