Taa ya Ivy na Maziwa ya Malaika

Jumanne, 2 Juni 2009

Nina miaka themanini na moja. Nimeshinda mkoloni, ndui, bibi wawili na daktari mwenye alisema pafu itaniua. Yeye ndiye alizikwa! Leo msichana na taa ati anishinde?

Anaitwa Ivy, wa chuo kikuu. Amekaa hapa Kachibora penye tunakusanya maziwa ya kupeleka Kitale. Anatia tone ya maziwa kwa chupa, anamulika. Maji inawaka kijani kama jicho ya paka. Maziwa ikiwa na dawa, mwanga inakufa. Yangu ikakufa — fu!

Ati penisilini. Kweli nilidunga ng'ombe yangu Malaika juzi, titi ilikuwa imefura. Na hivyo? Dawa kama mate ya nzi!

Jirani yangu Muchiri akacheka mpaka kofia ikaanguka. Ati, "Wabwile, hiyo ni maziwa ama duka ya dawa?"

Ivy akasema niimwage. Mimi! Nimerudi nayo.

Alhamisi, 4 Juni 2009

Tena imezima. Muchiri anaita watu waone. Nikawaambia kesho mje kwangu, mtaona mtu akikunywa na hafi.

Ijumaa, 5 Juni 2009

Walikuja. Nikaita Phelista, bibi ya kijana wangu Barasa mwenye anafanya kazi Bungoma, aje akunywe hiyo maziwa. Kwetu bibi ya mtoto haongei na baba mkwe uso kwa uso. Kumkatalia pia, hapana. Alisimama nyuma ya mlango, akatuma Nanyama, bibi yangu wa tatu, aseme hiyo dawa alidungwa akiwa msichana, akafura karibu akufe.

Watu wa kwao Kabuchai na visingizio! Nikasema kwa nguvu: akunywe ama arudi kwao.

"Kuka, usimpe!" Ivy akalia, ananiita babu kwa lugha yetu. "Hata hiyo kidogo inaweza kumuua!"

Nikamuuliza, hii boma ni ya babako?

Mkono ikatoka kwa mlango. Ikachukua kikombe. Ikarudisha tupu.

"Mmeona?" nikasema. Muchiri hakucheka. Safi!

Halafu nyuma ya mlango sauti kama mbuzi imenyongwa na kamba. Midomo ya Phelista imefura, macho imefungwa. Muchiri na Ivy wamembeba mpaka barabara, wanatafuta gari ya Kitale. Nanyama anakimbia nyuma bila viatu, analia kama kwa matanga. Aibu tupu.

Mimi naandika mapema, wasigeuze maneno. Sikushika mtu mdomo. Muchiri aliona. Ivy aliona. Na shahidi mkubwa ni Phelista mwenyewe. Koo ikifunguka atasema, kwa mlango, vile alichukua kikombe na mkono yake mwenyewe.