Leseni ya Florian na Beata

Tumpe, upo? Usijibu kwanza, wewe soma tu.

Umeme ulikuwa umekatika. Nimejilaza na mwanangu, nikasikia kijiko kinagonga kikombe jikoni. Florian anakoroga chai gizani huku anaongea na simu. Sauti ile ya chini, ile aliyonitongozea mimi!

"Beata, bila leseni hatuwezi. Tukiipata hatutajificha tena."

Leseni!! Mimi nikajua ni leseni ya ndoa. Nikatoka mbio na kanga moja. "Mnafunga lini, baba Natalia? Padri anajua?"

Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama Natalia, leseni ya kuuza vijiko! Si hivi vya chai, zile mashine za kuchimbia makaa ya mawe!" Ati bila uwanja wenye uzio hawapewi leseni ya uwakala, na mwenye uwanja pale Kitai ni huyo Beata. Ati wanajificha kwa sababu wameanza kutafuta wateja kabla ya kuruhusiwa.

Haya, vijiko. Lakini Tumpe, si mimi niliyesoma biashara masomo ya jioni, mtoto mgongoni? Mbona anashauriwa Beata, mimi napikishwa ugali?

Nikamuuliza mmeonana mara ngapi. "Hata sura yake siijui, mke wangu. Ni simu tu."

Nikamwamini, Tumpe. Nikachukua kitambaa nimfutie chai yake.

Natalia akatokea mlangoni, anafikicha macho.

"Anti Beata ananukia vizuri."