Sindano ya Limi

Jumatatu, 3 Juni
Watoto tangu asubuhi, wote makamasi. Kikohozi, homa kidogo, kifua kinapiga filimbi. Kipimo cha malaria: hasi. Hasi. Hasi. Mama zao wanaondoka wamenuna utadhani nimewanyima malaria yao. Nesi Rehema anasema ni vumbi la pamba, maana watu wanalala nayo ndani wakisubiri mnunuzi. Huenda. Lakini mwalimu wa shule hapa hajawahi kulima pamba, na mwanawe anakohoa vilevile. Sielewi.

Jumatano, 5 Juni
Limi, miaka minne, kaletwa na bibi yake, Mayu Nkwimba. Mama mtu yuko Lamadi anauza dagaa. Kifua kinalia ila mbavu hazizami, uji anakunywa, anacheka. Nikampulizia dawa ya kufungua kifua kwa chupa ya maji niliyoitoboa. Akapumua vizuri. Nikasema basi, ni kirusi, kitapita.

Bibi hakuinuka. "Dakitari, nimetoka nyumbani alfajiri. Unirudishe na upepo wa chupa? Mchome."

Foleni imefika nje. Nimechoka. Nikamchoma, tako la kulia. Hakuhitaji, na nilijua. Bibi kaondoka ananiombea baraka.

Jumamosi, 8 Juni
Limi karudi amebebwa mgongoni. Mbavu zinazama kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Oksijeni hatuna. Gari la wagonjwa kutoka Bariadi limechukua saa mbili. Saa mbili nzima nimeshika ile chupa mdomoni kwake. Kirusi hakiogopi sindano, nilikuwa najua. Najichukia.

Jumatatu, 10 Juni
Kapiga simu daktari wa wodini Bariadi, tulisoma chuo kimoja. Limi yuko kwenye oksijeni, anapata nafuu. Antibiotiki hazijasaidia kitu. Dawa ya kirusi chenyewe hakuna: ni hewa, maji na kungoja.

Kisha akaniambia alichokiona kooni. Kimeo hakipo. Kile kinyama kinachoning'inia kimekatwa, kidonda bado kibichi. Bibi alimpeleka kwa mkata kimeo siku iliyofuata baada ya kutoka kwangu, eti ndicho kinacholeta kikohozi. Karne hii! Nimefoka peke yangu ofisini.

Halafu nikaona nafuu moyoni, kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa. Aibu.

Jumatano, 12 Juni
Kifua kimefunguka. Leo wamemshusha kitandani asimame, akaanguka. Mguu wa kulia umelegea.

Wa kulia.

Tangu nimchome amekuwa wa kubebwa tu. Hakuna aliyemwona akitembea. Sijui ulianza lini. Kuna sindano zinazogusa mshipa wa fahamu, tulifundishwa. Mimi nilichoma wapi hasa? Nafumba macho nakumbuka tako, sikumbuki sehemu.

Wamejaza fomu ya ulemavu wa ghafla. Kinyesi kitachukuliwa mara mbili, kiende Dar kwenye boksi la barafu, kipimwe polio.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekwenda Bariadi. Mayu Nkwimba kaninyooshea kidole wodi nzima ikitazama. "Huyu ndiye. Sindano yake."

Nikamjibu, "Na wembe wa kimeo je, Mayu?"

Kaanza kulia. Mtu mzima, kanga mdomoni. Nimemwumbua bibi wa watu ili nipone mimi.

Njiani nilijikuta naomba iwe polio. Daktari gani anamwombea mtoto polio? Nimepotea.

Ijumaa, 5 Julai
Majibu. Si polio. Wamekuta kirusi kingine cha ukoo huohuo, enterovirus. Huingia kama mafua, hushika kifua cha mtoto, na mara chache sana huenda hadi uti wa mgongo. Niliruka. Nikamkumbatia Rehema, akashangaa.

Nikampigia yule mwenzangu wa wodini. Kanimwagia maji ya baridi. Anasema virusi hivyo wanavyo hata watoto wazima kabisa, kwenye kinyesi chao. Huenda mguu ni kirusi. Huenda ni sindano. Kimeo hadhani. Uhakika hana.

Rehema anasema, "Waambie kirusi, yaishe." Karatasi ina mhuri. Hakuna atakayeuliza la pili. Nimeikunja, nimeikunjua, sijui mara ngapi.

Jumapili, 11 Agosti
Nimekwenda kwa Mayu Nkwimba. "Mwangaluka, Mayu." Kaitika kwa taabu, lakini kigoda kaleta.

Nimemsomea majibu. Kisha nikasema yaliyobaki: sindano ile haikuwa na kazi, nilichoma kwa sababu ya uchovu, na kama ndiyo iliyoharibu mguu au siyo, sijui. Wala hakuna anayejua. Nikamwomba radhi kwa yale ya wodini.

"Nilikulazimisha," akasema.

"Sindano niliishika mimi, Mayu."

"Na wembe niliulipia mimi."

Kaleta michembe ya viazi na karanga.

Limi anatembea sasa, anaburuza mguu, anashika ukuta. Bibi akamwita aje ale. Akaja taratibu na ukuta, hadi ukuta ukaisha. Katikati nilikuwa nimekaa mimi. Akashika bega langu, akapita, akaenda kwa bibi yake.