Hongwe Uliyenitumia Kabla Hujanyamaza

Goreti mwanangu, mtoto wa kwanza wa nyumba hii,

Salamu za nyumbani zitangoja kidogo, kwa sababu jambo lenyewe halingoji. Jumapili hii mjomba wako na ndugu wote wa upande wa mama yako watakuja hapa Mutakura, Bujumbura, kuniomba neno moja: nikubali tuketi kilio chako, tukulie kama marehemu. Ujumbe ninaokutumia kwenye simu unabaki na alama moja, haufiki. Ndiyo maana ninakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Kama wewe huna simu tena, labda Mrundi mwingine aliyeko huko Ghuba ataisoma barua hii, akuone sokoni au njiani, akwambie: baba yako anakutafuta.

Kwa hiyo nataka anayesoma akujue. Na mimi sijui njia nyingine ya kumjulisha mtu ila ile niliyoitumia kufundisha biolojia maisha yangu yote: unaanza na kilicho wazi, kisha unashuka polepole mpaka kwenye kile kinachomtenga huyu na wenzake.

Kilicho wazi ni kwamba ulipenda samaki. Unakumbuka Jumamosi zetu za Ruziba? Mama yako, Msabato wa kweli, akichukua Biblia yake kwenda kanisani, mimi na wewe tulichukua kikapu kwenda ziwani. Katika sufuria za mama yako hakuingia samaki asiye na magamba, kama Maandiko yanavyoagiza. Na wewe, kati ya samaki wote wa Tanganyika, mukeke na sangala na ndagala, ulimpenda kibonde, ambaye hana gamba hata moja mwilini. Basi tulimpika kwa jirani yetu Mama Zaina, tukamla uani kwake tukiwa tumesimama, kama watu waliomwiba. Mama Zaina alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "We mwalimu," alisema, "unafundisha mutoto kuiba samaki yake mwenyewe!" Mama yako akirudi alikuwa ananusa vidole vyako, halafu anasema tu: "Muende munawe." Alijua tangu siku ya kwanza.

Pale Ruziba ndipo nilipokufundisha kutompa samaki jina kabla ya kumhesabu. Uliona kikapu cha mvuvi ukaniita kwa kelele, "Papa, kambare!" Nikakuuliza umejuaje. "Ana ndevu." Nikakwambia ndevu wanazo wote wa ukoo huo, ndevu pekee hazisemi kitu. Uliza kwanza: ana mwiba mgongoni? Kambare hana, kibonde anao. Pezi la mgongo ni refu mpaka karibu na mkia, au ni fupi, na nyuma yake kuna kipezi kingine kidogo cha nyama, laini kama ncha ya sikio? Mkia ni wa duara au umegawanyika? Kila swali lina njia mbili, unafuata moja unaiacha nyingine, na mwisho wa njia ndipo jina lilipo. Ulinisikiliza kwa adabu, kisha ukasema: "Papa, we unauliza samaki kama polisi ya barabarani." Wavuvi walicheka kuliko wewe.

Nilikuonyesha pia kwamba mvuvi, kabla ya kumtia kibonde kikapuni, huvunja miiba yake mitatu, mmoja wa mgongoni na miwili ya ubavuni, kwa sababu ikikuchoma mkono unavimba na homa inakuja. Samaki wa aina hii ukimkuta sokoni hana silaha tena. Hilo ulilijua vizuri. Uliwahi kuchomwa, ukalia njia yote mpaka nyumbani.

Ulipokwenda Omani kufanya kazi za nyumbani, diploma yako ikiwa imelala kabatini, mchezo wetu ulivuka bahari. Ulinitumia picha kutoka jikoni kwa tajiri wako, samaki kwenye sinia, samaki kwenye barafu, na mimi hapa nikatafuta majina katika vitabu vyangu vya zamani. Wote walikuwa na magamba. Nilikuuliza kwa nini, ukanitumia sauti, na nyuma yake nilisikia maji ya bomba na wewe ukicheka: "Papa, nilikimbia mama Bujumbura, nimemukuta huku! Na hawa hawakulaka samaki yenye haina magamba." Niliisikiliza mbele ya mama yako. Alisema hao ni watu wenye akili.

Halafu ikaja ile picha ya mwisho. Ilikuwa asubuhi, masika yakiwa yamepamba moto. Chini yake uliandika: "Papa, huyu ni kibonde ya bahari?"

Mimi bahari sijaiona hata siku moja. Nilichukua kioo changu cha kukuzia nikakaa na picha yako. Kibonde ana ndevu nane, na mbili kati ya hizo, ndogo kabisa, zinaota puani. Huyu wako alikuwa na sita, na puani hamna kitu. Kipezi cha nyama kipo. Mkia umegawanyika. Kichwani ana ngao ya mfupa, yenye chembechembe kama ukuta usiopigwa lipu, inakwenda mpaka kwenye mwiba wa mgongo. Nikakuandikia kwa furaha kwamba sasa tumetoka ziwani: huyu ni wa familia ya kambare wa baharini, ambao watu wa pwani huwaita hongwe. Nikashuka hadi kwenye jenasi. Pale nikabaki na spishi mbili zinazofanana kama watoto wa tumbo moja, na kwa nje sikuweza kuzitenganisha. Hongwe hutenganishwa kwa kaakaa. Juu ndani ya kinywa kuna vipande vya meno madogo, vinakwaruza kama msasa, na kila spishi imevipanga kwa namna yake. Nikakuomba umfungue kinywa, upige picha ya juu ndani.

Ukajibu: "Ngoja papa, namufungua."

Ni hayo tu. Nimengoja. Masika yameisha, vumbi la kiangazi limerudi Mutakura, na mimi bado nangoja kinywa cha samaki.

Kwa muda mrefu nilidhani picha ile imenipa kila kitu isipokuwa jina. Nilikuwa naitazama kama mwalimu. Siku niliyoanza kuitazama kama baba yako, niliona kwamba miiba ya yule hongwe ilikuwa mizima, yote mitatu. Jicho lake lilikuwa angavu, ute ulikuwa bado unang'aa mwilini, na mchanga ulikuwa umemganda tumboni. Samaki huyo hakuwa amefika sokoni, wala jikoni kwa watu wasiokula samaki asiye na magamba. Alikuwa ametoka wavuni muda ule ule. Na pembeni mwa picha, kwenye mkia, kuna kidole gumba chako.

Basi asubuhi ile ulikuwa ufukweni. Ulikuwa umetoka katika nyumba ambayo, kama ulivyoniambia mwenyewe, hukuruhusiwa kuvuka lango lake. Ulikuwa na samaki mkononi, na ulikuwa na moyo wa kuniuliza jina lake. Hiki ndicho ninachojua, na ninakijua kwa hakika. Kilichofuata sikijui, na kila ninayemuuliza ananipa kitu kisichoshikika. Wakala aliyekupeleka alisema kwanza umekimbia kazi, baadaye akasema hana habari, sasa simu yangu haipokei.

Kisha akatokea mwanamke wa Gatumba aliyerudi kutoka huko. Mjomba wako alisikia habari zake, akanipeleka. Tulimkuta akipanga vitambaa vyake vya kuvusha Kongo, akatupa viti, akasema kuna msichana wa Kirundi aliyekufa huko akazikwa.

"Alikuwa murefu, mweusi, ana mwanya hapa mbele," alisema. "Hakuna mutu alijua jina yake."

"Ulimuona wewe mwenyewe?"

"Apana, mzee. Niliambiwa na wenzangu."

"Mkono wa kushoto, hapa, alikuwa na kovu la moto?"

"Mzee, nimesema mi sikumuona."

"Masikio yake yalikuwa yametobolewa?"

Mjomba wako akaniwekea mkono begani. "Shemeji, acha," alisema taratibu. "Huyu si samaki."

Nilimshukuru yule mwanamke, tukarudi nyumbani. Lakini ninyi mnaosoma, nisikilizeni. Ndiyo, si samaki. Kwa samaki tu nisingekubali alama tatu za kuambiwa. Mrefu, mweusi, mwenye mwanya: ndivyo alivyo Goreti, lakini nikisimama hapa mlangoni pangu mpaka adhuhuri nitawaonyesha wasichana wengi wa namna hiyo, wote hai, wote wana majina. Nitakubalije kwa mwanangu kile ninachokikataa kwa kambare? Goreti ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, lenye umbo la jani, lililoachwa na chai iliyomwagika alipokuwa mdogo. Masikio yake hayajatobolewa, mama yake hakutaka. Akicheka anafunika pua, si mdomo. Aliye na alama hizi ndiye, na asiye nazo siye.

Na hapa lazima niseme na upande wa pili, maana sikukufundisha kudanganya, mwanangu. Kukosa uthibitisho kwamba ni wewe si uthibitisho kwamba siye wewe. Hilo ndilo linalonila. Ningekuwa mjinga ningelala. Lakini najua njia zote mbili za swali hili ziko wazi, na hakuna anayenipa kaakaa la kutazama.

Mjomba wako si mtu mbaya. Alikuja tena juzi peke yake, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mfupi, akakataa chai.

"Shemeji, mutu akikufa, tunamulia, tunanawa, tunarudi mu kazi. Mutu akipotea tunafanya nini? Niambie, we ndiye ulisoma."

"Tunamtafuta."

"Mpaka lini?"

Nilimsogezea tena kikombe, akakirudisha.

"Dada yangu anaisha," alisema. "Angalia mikono yake. Tukilia, atakuwa na mahali pa kuweka hii kitu. Sasa anaibeba tu, ndani ya nyumba, kila siku."

Ni kweli anaisha. Wiki iliyopita alitoka bila kuniaga. Aliporudi alikuwa na kibonde kwenye kikapu, amekwenda mwenyewe hadi Ruziba. Alimsafisha, akampika kwa nyanya na mawese, kwenye sufuria yake mwenyewe, ile kubwa ya sikukuu. Akaweka sahani tatu mezani. Niliogopa kumuuliza. Mwishowe akasema, "Nilimukatalia miaka yote." Hakuna aliyekula. Chakula kilipoa mbele yetu, na Mama Zaina alipochungulia mlangoni akaona sufuria ile, alirudi nyumbani kwake bila kusema neno, yeye ambaye hajawahi kukosa neno.

Nikuambie jambo ambalo ningekuandikia siku ile kama ungepata nafasi ya kumfungua yule samaki. Chini ya taya lake palikuwa pamevimba. Sasa nadhani alikuwa dume, na kinywa chake kilikuwa kimejaa mayai. Kwa hongwe, dume ndiye anayelea. Jike akishataga, dume huyachukua mayai, makubwa kama gololi, akayaweka kinywani, na muda wote huo hali chakula, mpaka watoto waanguliwe na waweze kuogelea wenyewe. Zamani nilikuwa nawakanya wanafunzi wangu wasijilinganishe na wanyama. Ukifanya hivyo, niliwaambia, umeacha kutazama, umeanza kujihurumia. Leo nimelivunja onyo langu. Namwonea wivu samaki. Yeye anajua walipo wanawe. Mimi nimefunga kula kama yeye, na kinywani sina kitu.

Goreti, kama uko mahali umejificha, usiogope aibu. Hakuna mtu hapa anayekudai maelezo. Kama ulikimbia, ulifanya vizuri kukimbia. Kama uko kizuizini, mwambie yeyote mwenye simu jina la baba yako na mtaa wetu. Na wewe msomaji uliye huko, usinitumie pole. Nitumie alama: mkono wa kushoto, masikio, kicheko. Hata kama ni za kaburi, nitumie. Nitalia kwa haki, na nitamlia aliye wangu.

Jumapili watakuja. Nitawatolea viti, nitawapa chai, nitawasikiliza mpaka wa mwisho amalize, kama inavyostahili. Kisha nitasimama mbele ya mama yako na kusema apana, huyu hajatambuliwa, kilio hakiketi katika nyumba hii. Nguvu za kulisema neno hilo ninazo. Nimezipima, zinatosha mara moja. Watakaporudi tena kuniuliza, mwanangu, uwe umenijibu wewe.

Ni mimi, papa wako.